Mbuzi Ambao Hawakushushwa

Mbuzi watatu walibaki ndani ya pikapu, wakitazama watu wakinywa chai.

Walikuwa wamefungwa kamba shingoni, dume mmoja mwekundu na majike wawili weupe, na kila aliyekuwa uani kwa mzee Wahome siku hiyo alikuwa akijitahidi asiwatazame. Kioko, mwalimu wa hesabu aliyewaleta kutoka Nanyuki, alikuwa amewaosha kwa sabuni asubuhi ile. Kabura, binti wa Wahome, alimcheka alipomkuta akimkausha dume kwa taulo lake mwenyewe. "Ni mbuzi unaoa ama ni mimi?" alimwuliza.

Sasa hakuna aliyecheka. Harrison, mjomba wake Kioko, sajini mstaafu wa polisi ambaye alifanya kazi Nyeri mpaka akazoea kula viazi kila siku, aliweka kikombe chini na kukohoa.

"Mzee," alisema, "chai tumekunywa na ni tamu. Sasa tuonyeshe mahali pa kufunga mbuzi. Kwetu Ukambani mtu haji kusema jambo kama hili na mikono mitupu. Mbuzi wakishuka, maneno pia yanashuka."

Wahome alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyeandikiwa jibu humo, akaivaa tena. Alikuwa mkulima wa viazi hapo Mweiga, mtu mpole ambaye majirani walimwachia funguo za nyumba zao wakisafiri.

"Sajini, hatukuwa tumeongea mambo ya mbuzi," alisema. "Tuliambiwa ni wageni wanakuja kujua boma. Sisi kwanza hujua boma."

"Tumeijua. Ni boma nzuri. Tuzifunge wapi?"

"Leo hazitashuka."

Murugi, mama yake Kabura, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sinia ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Mikono yake ilitulia kabisa.

"Mama Kabura, ongezea wageni chai," Wahome alisema bila kugeuka.

Kioko aliinama mbele, akashusha sauti. "Mzee, kama kuna makosa niambie. Kama ni kidogo..."

"Si kidogo."

"Kama huyu dume ndiye hafai..."

"Mwalimu, kunywa chai, inapoa."

Walikunywa. Walikula mukimo ambao hakuna aliyesikia ladha yake. Walipoondoka, Harrison alifunga mlango wa pikapu kwa nguvu, lakini maneno yake yalipita dirishani: "Wangekuwa mbuzi wa Mkikuyu wangeshuka hata wakiwa wagonjwa." Kioko alipanda upande wa pili. Suti yake mpya ilikuwa na manyoya ya mbuzi mgongoni, na Kabura, aliyetaka sana kuyapangusa, alibaki amesimama hadi vumbi lilipotulia barabarani.

"Baba, umewaaibisha," alisema.

"Najua."

"Ni kwa sababu yeye ni Mkamba?"

Wahome alifungua mdomo. Alimtazama Murugi, na Murugi akatazama sinia.

"Ng'ombe hawajakamuliwa," alisema, akaelekea zizini, na jua lilikuwa bado katikati ya mbingu.

---

Nanyuki, mbuzi walilala kwenye nyumba ya kupanga.

Wangui, mwenye ploti, alikubali kwa shingo upande. Kulikuwa na chumba cha mwisho kabisa karibu na tangi la maji, kidogo kiasi kwamba kilikosa mpangaji, na humo ndimo Kioko alimowaingiza na nyasi za kutandika.

"Ni za kupita tu, mwalimu," Wangui alimwonya. "Hapa ni ploti, si boma."

Wapangaji wengine hawakuwa na huruma. Asubuhi, wakichota maji, walimwuliza kama mahari imerudishwa kwa sababu haikutosha au kwa sababu ilikuwa na kikohozi. Mmoja alitaka kujua kama mbuzi nao wanalipa pesa ya taka. Kioko alicheka nao, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka, lakini akiingia nyumbani kwake alikaa kitandani na kutazama viatu vyake. Alipewa kazi Nanyuki akiwa kijana asiye na kitu kutoka Mwingi. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu hawa kugawanya na kuzidisha. Hakuwa amefikiri kwamba siku moja wangemgawanya na kumweka upande.

Upande wa pili wa mji, Kabura alikuwa akimsaidia Anita kufunga mizigo. Wasichana hao waliishi pamoja tangu Kabura apate kazi katika duka la dawa za mifugo, na sasa Anita alikuwa amepata kazi ya hoteli Nairobi. Mwisho wa mwezi angeondoka. Kodi ya chumba kile kwa mtu mmoja ilikuwa nzito.

"Wewe hama tu," Anita alisema, akiukalia mfuko ili zipu ifunge. "Mwalimu ako na nyumba, ako na meko, ako na televisheni. Nani siku hizi anangoja wazee? Hata huyo pasta wenu anajua."

"Pasta simwogopi. Namwogopa mami."

"Mami wako atazoea. Wangu alizoea mambo mabaya zaidi."

Ukweli ni kwamba Kioko alikuwa amemwomba tayari, kabla ya safari ya Mweiga, jioni moja wakiosha vyombo. "Anita akienda utalipa aje hiyo kodi? Si ukuje tu tukae," alisema. "Disemba tutaenda kwenu tupange." Kabura alimjibu kwamba kwao huwa watu hawaanzi na Disemba, kwamba mtu akimtaka aende kwanza nyumbani. Na Kioko alienda. Akaenda na mbuzi waliooshwa. Ndiyo sababu Kabura alikuwa na hasira namna ile: yeye ndiye aliyemtuma kwenda kuaibika.

Alimpigia mama yake simu akiwa angali amesimama katikati ya mizigo.

"Mami, mwisho wa mwezi nahamia kwa Kioko."

Upande ule Kabura alisikia kuku.

"Mami?"

"Nimesikia."

"Mlikataa mbuzi. Sasa mnataka tufanye nini?"

"Usibebe hata kijiko," Murugi alisema, "kabla sijakuja."

---

Alikuja siku ya Alhamisi, amevaa viatu vya kanisani. Alikaa kwenye benchi la duka, mkoba mapajani, akangoja mpaka mzee mmoja aliponunua dawa ya minyoo na kuondoka, kisha akazungumza akitazama magunia ya chakula cha kuku.

"Baba yako hajamkataa Kioko. Anampenda. Alisema huyo kijana alikula mukimo yote na ilikuwa imeungua."

"Basi mbona mbuzi zilirudi?"

"Hawezi kupokea za binti na za mama hazijaenda."

"Za mama gani?"

"Mimi," Murugi alisema. "Za kwangu hazijaenda kwetu Othaya. Hata moja."

Kabura aliketi juu ya gunia. Ni jambo ambalo kila mtu mzima wa Mweiga alilijua na ambalo hakuna aliyewahi kulisema mbele yake: mwanamume ambaye hajapeleka mbuzi kwa wazazi wa mkewe hana mkono wa kupokea mbuzi wa binti yake. Wahome alijua siku hiyo ingefika. Alitumaini tu ingepiga hodi kwanza, na si kuingia na pikapu.

"Nilikuja Mweiga na mfuko moja ya nguo," Murugi aliendelea. "Ilikuwa wakati wa kupanda. Baba yako aliniambia, kuja tukae, Disemba tutaenda kwenu. Nikaona Disemba si mbali."

"Na Disemba ilipofika?"

"Ulikuwa umezaliwa, na kifua chako kilikuwa kibaya. Disemba ingine baridi ikachoma viazi. Halafu paa. Halafu shule, na hiyo chuo yako ya Nyeri. Si mtu mbaya, Kabura. Akininunulia sweta, ni nzuri kushinda yake. Mtu akikupenda hivyo, unaona haya kumdai."

"Lakini hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ati mama yako ni mgeni Mweiga?" Murugi alifungua mkoba, akaufunga. "Unakumbuka ile ruracio, ile sherehe ya mahari ya binti ya mjomba wako Gicheru? Ulinikuta nyuma ya nyumba nikiosha sufuria."

"Nilidhani unapenda kusaidia."

"Wanawake ambao mbuzi zao zilifika ndio wanakaa ndani wapokee wageni. Na hakuna mtu alinifukuza, usifikirie hivyo. Cucu yako, mama yangu, hata alisogea kwa kiti anipatie nafasi. Ni mimi nilishika sufuria haraka, kabla mtu anitume."

Mteja aliingia akauliza bei ya chumvi ya ng'ombe. Kabura alimjibu, akamrudishia chenji, akamtakia siku njema. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na maji.

"Kwa hivyo unakataa nihame."

"Nitakukataza na mdomo gani? Nataka tu uhame ukijua." Murugi alimtazama sasa. "Alikuuliza namna gani, huyo mwalimu?"

"Alisema... Anita anaenda, kodi ni ghali, si nikuje tu tukae." Kabura alisita. "Disemba tutaenda kupanga."

Murugi aligeuza uso kuelekea magunia. Mabega yake yalianza kutikisika, na Kabura alidhani analia mpaka aliposikia kicheko. Kilimshika yeye pia. Walicheka wameshikana mikono, wakashindwa kunyamaza, mpaka mwenye duka jirani akaja kuchungulia.

"Disemba!" Murugi alisema, akijipangusa kwa ncha ya kitambaa. "Hii mwezi iko na kazi mingi, maskini."

---

Aliporudi Mweiga alimkuta Wahome akichagua mbegu za viazi.

"Nimemwambia," alisema.

"Akasema nini?"

"Tulicheka."

Wahome alikuwa amejitayarisha kwa machozi, na kwa lawama pia. Kicheko hakuwa amekitayarishia kitu. Aliendelea kushika kiazi kimoja kwa muda mrefu, akikigeuza. Jumamosi hiyo aliuza mtamba wake, yule mwenye doa jeupe aliyemwita kwa jina, na Jumapili akavaa koti na kwenda Nanyuki, ambako kuna soko kubwa la mifugo. Lakini kabla ya kwenda sokoni alipita kwenye ploti ya Wangui.

Kioko alikuwa anafua mashati. Alijua kila kitu tayari. Kabura alikuwa amemweleza, na yeye akampigia mjomba wake simu. "Mjomba, si ukabila," alimwambia. "Basi ni nini?" Harrison aliuliza. "Ni aibu tu, mjomba. Yule mzee yuko na deni kuliko sisi." Harrison akasema kwamba hilo analielewa, na kwamba mukimo haukuwa mbaya sana.

Wahome alivua kofia mbele ya yule kijana mwenye povu mikononi. "Mwalimu, nilikuaibisha mbele ya mjomba wako."

"Mzee, yameisha."

"Hayajaisha. Nataka kuyaanza." Alichungulia chumba cha mwisho. Mbuzi walimtambua, au alidhani hivyo. "Hizi mbili nyeupe ni nzuri."

"Zichukue," Kioko alisema mara moja. "Peleka Othaya. Mimi nitatafuta zingine."

"Hapana! Mtu anaweza kupeleka kwa kina mkewe mbuzi za mkwe? Wakiniuliza nimetoa wapi, niseme nini?"

"Basi nunua."

"Mkwe hamuuzii mkwe."

Walisimama hapo, wote wawili wakiwa na haki, na hakuna aliyejua pa kupitia. Dirisha la juu likafunguka.

"Nyinyi wanaume!" Wangui alisema. "Mwalimu, niuzie mimi hizo mbuzi. Wewe mzee, nunua kwangu. Mradi zitoke kwa nyumba yangu!"

Basi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai Wangui akawa mfugaji. Pesa ya mtamba iliingia mkononi mwake, ikatoka ikaenda kwa Kioko, na hakuna mila iliyovunjika. Wahome aliwatoa majike wawili mwenyewe, akiwashika kamba kama mtu anayeshika watoto karibu na barabara. Dume mwekundu alibaki akilalamika.

"Na huyu?" Wahome aliuliza.

"Huyo ni wa mjomba," Kioko alisema. "Amesema hamwamini tena mtu mwingine naye."

---

Othaya ilikuwa imenyeshewa, na majani ya chai mlimani yaling'aa. Cucu, mama yake Murugi, alibebwa na kiti chake hadi uani ili aone vizuri. Wahome alikuja na wazee wawili wa jamaa yake. Kabura na Kioko walikaa nyuma, na Kioko alikuwa ameambiwa atazame tu, asifungue mdomo, asije akanunua kitu.

Mbuzi walishushwa.

Gicheru, kaka yake Murugi, ndiye aliyesema kwa niaba ya boma. Alikuwa mtu wa utani, na hakuharakisha. Aliwauliza wageni wametoka wapi, wamepotea au wametumwa. Mzee mmoja akajibu kwamba wameona ua zuri katika boma hili na wamekuja kupanda tawi, ili watu wengine wajue limeonekana.

"Ua gani?" Gicheru aliuliza. "Sisi tuko na mama za watu tu hapa."

Watu walicheka. Murugi aliitwa. Alitoka nyuma ya nyumba, mikono ikiwa bado mibichi kwa maji ya vyombo, na mtu akamsukuma taratibu mpaka katikati.

"Murugi," Gicheru alisema, na sasa utani ulikuwa umepungua sautini mwake, "huyu mtu unamjua?"

"Namjua."

"Ameleta mbuzi. Sisi hatuwezi kuzigusa bila wewe. Tupokee?"

Ndilo swali ambalo huulizwa wasichana wa miaka ishirini, na wao hujibu haraka huku wakitazama chini. Murugi alikuwa na mvi, na hakutazama chini. Alimtazama Wahome: kofia iliyoshikwa kifuani, koti lililokazwa vifungo visivyolingana. Alimtazama muda mrefu. Wahome alianza kutokwa na jasho.

"Mama Kabura," alinong'ona.

"Wacha nifikirie," Murugi alisema. "Sijawahi kuulizwa."

Hakuna aliyecheka hapo. Cucu aliweka mkono kwenye shavu. Mbuzi mmoja alitafuna pindo la koti la Wahome na yeye hakumfukuza. Kabura, kule nyuma, alijikuta ameshika mkono wa Kioko kwa nguvu, si kwa mapenzi tu bali kwa hofu, kwa kuwa ghafla aliona kwamba mama yake anaweza kusema hapana, na kwamba haki hiyo alikuwa nayo siku zote.

"Pokeeni," Murugi alisema.

Vigelegele vilipanda. Wahome alifuta uso kwa kofia badala ya leso. Wazee walisema njia imefunguka, na zilizobaki zitakuja polepole. Murugi aligeuka kwa mazoea kurudi kwenye sufuria, lakini Cucu akapiga kiti chake kwa fimbo.

"Unaenda wapi? Wacha hivyo vyombo. Kuja ukae huku."

Wanawake walisogea, naye akakaa. Mikono yake ilikosa kazi, akaiweka mapajani, ikatulia huko.

---

Mwisho wa mwezi Anita aliondoka, na Kioko akaja kubeba mizigo ya Kabura. Haikuwa mingi. Alitangulia na godoro kichwani, akaingia kwenye ploti akielekea mlangoni pake.

"Si hapo," Kabura alisema nyuma yake. "Hapa."

Alikuwa amefungua chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji. Dume alikuwa amepelekwa Nyeri kwa Harrison. Kabura alikuwa amekisugua chumba tangu asubuhi kwa sabuni na ndimu, na kilikuwa safi, ingawa harufu haikuwa imekubali kuhama. Kwa ajili ya harufu hiyo Wangui alipunguza kodi.

Kioko alisimama na godoro. "Lakini nyumba yangu ni hapo tu."

"Naiona."

"Kabura, unanikataa?"

"Sijakukataa. Hujaniuliza." Alisema kwa upole, akimtoa unyasi mmoja uliomshika begani. "Uliniambia kodi ni ghali."

Kioko alifikiri. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Alirudi nyuma kwenye hatua moja moja, akaona ile aliyoiruka.

"Nikuulize sasa?"

"Na godoro kichwani? Kuja jioni. Oga."

Jua lilikuwa halijazama alipokuja. Alikuwa amevaa suti ya siku ile, imepigwa pasi, haina hata unyoya mmoja. Wapangaji waliokuwa wakianua nguo walipunguza mwendo. Radio moja ilizimwa.

"Hodi," Kioko alisema.

"Nani?" sauti ya Kabura ilitoka ndani.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Kioko, wa Mwingi." Alimeza mate. "Nimekuja kumuuliza binti ya Murugi kama atakubali nirudi kwao, na mbuzi zingine. Na zikishuka, kama atakubali tuishi pamoja. Kodi haihusiki."

Ndani mfuniko wa sufuria uligonga.

"Nimesikia," Kabura alisema hatimaye. "Wacha nifikirie."

Mtu mmoja alicheka kwenye kamba ya nguo, akanyamazishwa. Kioko hakuondoka. Wangui alishuka ngazi na kigoda, akakiweka mbele ya mlango ule mdogo.

"Kaa, mwalimu," alisema. "Hawa wa Othaya huchukua wakati wao."

Akakaa, mikono juu ya magoti. Nyuma ya mlango, Kabura alikuwa ameketi juu ya godoro, kiganja mdomoni asisikike akicheka, na kwenye jiko karibu na miguu yake maji ya chai ya watu wawili yalikuwa yameanza kuchemka.